Nyeupe Mbili Katika Kifuniko Kimoja

Ukitaka kumuudhi Jicho, ingia dukani kwake umwambie unataka rangi nyeupe.

"Nyeupe ipi?" atakuuliza.

"Nyeupe tu, fundi. Ya ukutani."

"Hakuna nyeupe tu. Kuna ya maziwa, kuna ya chaki, kuna ya ganda la yai, kuna ya jino la mtoto na kuna ya jino la babu yake. Sasa wewe unataka kulala ndani ya jino la nani?"

Watu walicheka, kisha wakajikuta wanafikiria kweli wanataka nyeupe gani, jambo ambalo hawakuwahi kulifikiria tangu wazaliwe. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa fundi wa kuchanganya rangi katika duka la rangi za nyumba, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita mpaka jina lake halisi likabaki kwenye kadi ya kliniki tu. Mteja alileta kipande cha plasta kilichobanduka, au kifungo cha shati, au uzi wa pazia, akasema nataka chumba kifanane na hiki. Jicho alikitazama, akafungua kopo la rangi ya msingi, akadondosha tone la njano, matone mawili ya nyeusi, nyekundu kidogo sana, akakoroga kwa kijiti. Kisha alipaka kidogo kwenye kadi na kuikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu rangi ikiwa mbichi inadanganya, ikikauka ndipo inasema ukweli. Mwisho aliipeleka kadi mlangoni, kwenye jua. Taa za dukani hakuziamini hata siku moja.

Mlangoni ndipo alipoangukia.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, anatafuta kijani cha geti la mama mmoja mwenye haraka. Alihisi kama mtu mnene amekuja kumkalia kifuani bila hata kuomba samahani. Mkono wa kushoto ukawa si wake. Kopo likamponyoka, kijani kikamwagika kwenye shati, kwenye suruali, mpaka kwenye viatu. Makopo, mwenzake wa kaunta ambaye kazi yake ni kuuza na kupanga makopo na kusema maneno mengi, alidhani ni mzaha.

"Wee mzee, inuka bwana, unaharibu mali ya watu!"

Jicho hakuinuka. Makopo akaona jasho linamtoka usoni kama maji ya bomba, na sauti yake ikabadilika. Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari, naye akatapakaa kijani. Nesi aliyewapokea aliuliza ni yupi kati yao mgonjwa.

Mshtuko wa moyo. Hospitali siku kumi na moja. Daktari wake alikuwa mwanamke mrefu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na siku ya kumruhusu alikaa ukingoni mwa kitanda chake akamwambia bila kuzungukazunguka: sigara basi. Chumvi kidogo, mafuta kidogo. Kutembea kila siku, hata kama ni hatua hamsini. Na dawa kila asubuhi, bila kuruka.

"Dawa hizi ndizo zinazoushika mkono moyo wako," alisema. "Ukiziachia, nao utakuachia."

Dawa zenyewe zilikuwa vidonge vinne vya asubuhi: kimoja cha waridi, kimoja cheupe kikubwa, na viwili vyeupe vidogo vya aina moja. Mkewe, ambaye ni mshonaji wa sare za shule na mtu wa mpango, alivimimina kila asubuhi ndani ya kifuniko cha kopo dogo la sampuli alilolileta Jicho mwenyewe kutoka dukani zamani. Alikiweka mezani na glasi ya maji, akasimama mikono kiunoni mpaka vimemezwa.

"Fungua mdomo."

"Mimi mtoto?"

"Mtoto ana nafuu. Fungua."

Nyumba ikageuka kambi ya jeshi. Chupa ya chumvi ikahamishiwa juu ya kabati, mahali ambapo Jicho angehitaji kupanda kiti, na kupanda viti alikuwa amekatazwa. Kikaango kikaning'inizwa ukutani kama picha ya marehemu. Makopo alikuja kumjulia hali, akala kijiko kimoja cha mchuzi, akatazama sahani kwa huruma.

"Shemeji, huu mchuzi umepoteza kumbukumbu?"

Mke alicheka. Binti yao, msichana wa miaka kumi na sita, alicheka. Jicho peke yake hakucheka, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuonekana.

Kwanza aliacha kuoga mpaka asukumwe. Kisha akaacha kutoka kwenda barazani. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, pazia limefungwa, akatazama mikono yake kana kwamba ameiazima. Usingizi ulimruka, na mchana uliporudi ulimkuta ameshachoka. Kutembea? Alisema kesho. Kesho ilipofika alisema kesho.

Halafu kukawa na jambo la kadi. Tangu binti akiwa mdogo, yeye na baba yake walikuwa na mchezo wao. Binti alileta vitu viwili vya rangi moja, majani mawili, au vifuniko viwili vya kalamu, na baba alisema kipi kimezidi njano, kipi kimezidi bluu. Hakuwahi kukosea. Siku hiyo binti alimletea kadi mbili za samawati kutoka sanduku lake la kazi, ili tu amtoe kwenye kile kiti japo kwa akili.

"Ipi imezidi kijani, baba?"

Jicho akatazama. Akatazama tena. Hakuona samawati. Aliona kitu kama vumbi, na kitu kingine kama vumbi.

"Zote sawa," alisema, akazirudisha.

Binti alikwenda jikoni akamwambia mama yake kwa sauti ya chini kwamba baba haoni. Jicho alisikia. Macho yake hayakuwa na kasoro, angeweza kusoma maandishi madogo ya kwenye pakiti ya dawa. Lakini dunia yote ilikuwa imepakwa mkono mmoja wa kijivu, na hakujua nani amepaka.

Walimrudisha kliniki mwezi ulipotimia. Daktari alimpima, akasikiliza kifua, akasema moyo unajitahidi. Kisha akauliza maswali mengine. Analala? Anakula? Kuna kitu kinamfurahisha? Amewahi kufikiri afadhali asingeamka pale dukani?

Jicho alikuwa mtu wa kusema kweli kuhusu rangi, na akasema kweli kuhusu hilo pia. "Nimefikiri."

Daktari akavaa miwani. "Hii ina jina lake. Inaitwa sonona. Huwapata wengi baada ya mshtuko wa moyo, wala si udhaifu. Inatibika. Na isipotibiwa, hata moyo wenyewe unachelewa kupona. Ningependa uanze kidonge kimoja kidogo, na uzungumze na mshauri wetu..."

Hakumwacha amalize. Jicho alikuwa na kaka. Kaka huyo naye alipewa kidonge kimoja kidogo, zamani, na tangu siku majirani walipokiona, mtaa mzima ukambatiza Chizi. Watoto waliimba jina hilo nyuma yake akienda dukani. Alizikwa nalo. Jicho alikuwa amebeba upande mmoja wa jeneza, akasikia mtu nyuma akisema, leo Chizi ametulia.

"Nimekuja na moyo, daktari," alisema akisimama. "Unataka niondoke na wazimu? Hapana. Ahsante."

Akatoka, akakaa kwenye benchi la nje kifua kikimwenda juu chini. Mkewe alibaki ndani. Alikaa humo muda mrefu kuliko ilivyopasa, kisha akatoka na mfuko wa karatasi.

"Dawa zako za miezi miwili," alisema.

"Zipi?"

"Zilezile."

"Zilezile?"

"Baba watoto, nimesema zilezile. Twende."

Alimwamini. Kwa nini asimwamini? Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na mbili.

Wiki ya kwanza hakukuwa na jipya. Ya pili kichwa kilimuuma na tumbo likamsumbua, mkewe akasema ni moyo unajipanga. Ya tatu binti alimshika mkono akamvuta mpaka mlangoni, na kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubishana, akatembea naye mpaka kwenye nguzo ya umeme. Kesho yake mpaka kwenye nguzo ya pili. Binti alihesabu hatua kwa sauti na kuandika kwenye kiganja kwa kalamu.

"Mia tatu na kumi na mbili, baba! Jana mia mbili na themanini."

"Hatua zangu au zako?"

"Zako. Zangu ni nyingi, miguu mifupi."

Wiki ya nne walifika kwenye ngazi za shule, na ya tano wakazipanda, wakipumzika katikati. Na asubuhi moja ya wiki ya sita, wakirudi, Jicho alisimama ghafla mbele ya nyumba ya jirani. Binti akashtuka, akamshika kifua.

"Nini? Inauma?"

"Ile ndoo," alisema Jicho.

Ilikuwa ndoo nyekundu ya plastiki iliyoachwa nje ijae maji. Ndoo tu. Lakini ilikuwa nyekundu kweli, nyekundu yenye chungwa ndani yake, na upande uliopigwa na jua siku nyingi ulikuwa umekwenda kwenye waridi. Jicho aliitazama mpaka mwenye ndoo akatoka kuuliza kulikoni.

Siku hiyo alioga bila kusukumwa. Alifungua pazia. Wakati wa chakula cha mchana alisema mchuzi una ladha ya ndimu, na kwamba Makopo ni mshenzi. Mkewe alikwenda chumbani akafunga mlango, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Jicho akadhani ni furaha. Ilikuwa furaha, ila haikuwa peke yake.

Siku nne baadaye akafungua pazia kabla ya kumeza dawa.

Hilo tu ndilo lililobadilika. Kila asubuhi nyingine kifuniko kilifika mezani pazia likiwa limefungwa, vidonge vikamezwa gizagiza. Asubuhi hii jua liliingia likatua moja kwa moja kwenye kifuniko. Jicho alikuwa ameshanyoosha mkono. Mkono ukasimama.

Cha waridi, sawa. Cheupe kikubwa, sawa. Na vile vidogo viwili, vya aina moja.

Havikuwa vya aina moja.

Alivimimina juu ya daftari la binti lenye jalada jeusi, akavisogeza kando kwa ncha ya kidole. Ukubwa uleule. Umbo lilelile. Lakini kimoja kilikuwa cheupe cha chaki, kikavu, kinachoelekea bluu. Kingine kilikuwa na tone la njano ndani yake, nyeupe ya ganda la yai. Vilikuwa vimetoka makopo mawili tofauti, na yeyote aliyevichanganya alikuwa mtu aliyeishi miaka ishirini na mbili na fundi rangi na bado anaamini kwamba nyeupe ni nyeupe.

Binti alikuwa anavaa soksi za shule.

"Njoo," alimwambia. "Ule mchezo wetu. Kipi kimezidi njano?"

Binti aliinama, akainuka papo hapo.

"Vinafanana, baba."

Alijibu haraka mno. Mtoto ambaye kwa mchezo huo alikuwa akibishana mpaka machozi, leo hakutazama hata mara mbili.

"Mama yako yuko wapi?"

Alikuwa mlangoni, utepe wa kupimia umemning'inia begani. Aliona daftari, akaona pazia, akaelewa. Akavuta kiti akakaa, pole pole, kama mtu aliyekuwa amesimama miezi miwili.

"Ni ile uliyoikataa," alisema.

Jicho akakigeukia kile cha ganda la yai.

"Daktari alipunguza vile vidogo, kutoka viwili hadi kimoja. Ulikuwa umeshatoka. Akanipa na karatasi ya ile nyingine, akasema nikakueleze nyumbani, labda utakubali ukitulia. Nikanunua. Nikaona vinalingana. Nikavitoa kwenye pakiti yake, nikavitia kwenye kichupa kitupu, na kila asubuhi nikaweka kimoja mahali pa kile kilichopungua. Nikajua utahesabu vinne."

"Nilihesabu vinne."

"Najua."

"Kila siku nilihesabu vinne." Alimgeukia binti. "Na wewe ulijua."

Binti alikuwa ameshika soksi moja mkononi. "Mama alisema tukikuambia utakataa halafu utakufa."

"Nani mwingine?"

Binti akaitazama soksi.

"Nani mwingine!"

"Makopo," alisema mke. "Nilihitaji mtu wa kumuuliza. Nilikuwa na hofu, baba watoto. Ulikuwa umekaa pale kama kabati."

Hata Makopo. Makopo ambaye alishindwa kuficha bei ya brashi, siri hii aliiweza. Jicho akajiona jinsi walivyokuwa wakimwona: ameketi katikati ya nyumba yake mwenyewe akifunguliwa mdomo, watu wanakonyezana juu ya kichwa chake. Wamempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akawashukuru kwa kumpaka. Na zile hatua kwenye kiganja, je? Na ile nyekundu ya ndoo? Alitafuta asubuhi moja katika wiki hizo ambayo ilikuwa safi, hakuiona. Kila mahali uongo ulikuwa umeshakorogwa ndani, na kitu kilichokwisha kukorogwa hakitenganishwi. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote.

"Nilikuuliza," alisema. "Nje ya kliniki. Nikakuuliza mara mbili. Ukaniambia zilezile."

"Na wewe?" Mke naye akawaka. "Lile kopo la gundi uani, unadhani sijui lina nini? Sigara mbili kila siku, halafu unatafuna majani ya mnanaa unakuja kunipumulia! Nani anamdanganya nani humu ndani?"

Lilimpata. Alikaa nalo kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Mimi nilikudanganya juu ya mwili wangu. Na wewe ukanidanganya juu ya mwili wangu. Mwili wako wewe uliguswa wapi?"

Akachukua vile vidonge vinne, akavirudisha kwenye kifuniko, akakisukuma mpaka upande wa pili wa meza.

"Angalau hivi vingine," mke alisema. "Hivi vitatu ni vya moyo. Naapa."

"Vitatu vipi?"

"Hiki, na hiki, na..." Kidole chake kikasita juu ya vile vyeupe viwili vidogo. Hakujua. Kwenye kifuniko vilikuwa vimeshachanganyika, na kwa macho yake vilikuwa kitu kimoja.

Jicho akainuka. "Nitajuaje? Kama kimoja kina jina la uongo, hata hicho cha waridi nani ananiambia ni cha nini? Wewe?"

Hakumeza kitu siku hiyo.

Wala siku ya pili. Hakwenda kutembea. Binti alirudi kutoka shule mbio, begi bado mgongoni, akamkuta kwenye kile kiti. Akapiga magoti akamwomba, akasema hata cha waridi tu baba, kile hakina pacha. Jicho akamtazama mtoto wake akaona uso anaoupenda, na akaona pia uso uliomwambia vinafanana.

"Nenda kasome," alisema.

Siku ya tatu asubuhi alikwenda uani, kwenye lile kopo la gundi. Ni hatua kumi na nane. Kwenye ya kumi na mbili yule mtu mnene akarudi, hakukaa, aliegemea tu kifuani kumjulisha kwamba anaijua njia. Jicho akashika ukuta, akangoja. Ukuta ulikuwa mweupe. Alipaka mwenyewe, mwaka aliozaliwa binti, nyeupe ya maziwa yenye tone moja la waridi. Tone lile bado alikuwa analiona. Akaogopa. Hakuogopa kufa, au hakuogopa hilo tu. Aliogopa kwamba kesho au keshokutwa atatazama ukuta huu na tone halitakuwepo.

Hapo akaelewa jambo lililomchoma zaidi ya yote. Lile jicho lililowanasa na kosa lao ni wao waliomrudishia. Kabla ya kile kidonge asingeweza kukiona kile kidonge.

Aliingia ndani bila sigara. Akatoa kadi nyeusi kwenye sanduku lake la kazi, akachukua kichupa kimoja kimoja, akavitenga vyeupe vidogo mchana kweupe pale dirishani, chaki huku, ganda la yai kule. Akabandika kidonge kimoja cha kila aina kwenye kadi kwa gundi, vinne kwa mstari, na chini ya kila kimoja akaacha nafasi ya jina, kama afanyavyo na rangi mpya. Kisha akavaa shati safi, akaenda kliniki peke yake, pole pole, akipumzika kila kona.

Daktari aliipokea ile kadi akaigeuza, akaishika tena sawasawa. Katika kazi yake hakuwahi kuletewa kitu kama kile.

"Hivi viwili vinafanana sana," alisema. "Umevijuaje?"

"Havifanani. Nitajie majina yao. Wote. Na kazi zao."

Akamtajia. Cha waridi cha shinikizo la damu. Cheupe kikubwa cha kupunguza mafuta kwenye damu. Cha chaki kinazuia damu isigande. Jicho aliandika kila jina chini ya kidonge chake kwa mwandiko wa dukani. Walipofika kwenye ganda la yai, kalamu ikasimama.

"Hiki hukunipa wewe," alisema Jicho. "Nilikataa, nikapewa kwa siri."

Daktari akavua miwani. Jicho akamweleza yote, mpaka neno zilezile, na daktari akawa anasikiliza na uso wake unabadilika.

"Nilimwambia akueleze," alisema mwishowe. "Ukikubali uanze, ukikataa mrudi tuzungumze. Sikumwambia akufiche, na hakupaswa kufanya vile. Lakini na mimi nina kosa langu. Nilipaswa kukupigia simu wewe mwenyewe, sikupiga. Samahani."

Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia neno hilo bila kuongeza lakini.

"Hivi vitatu," daktari akaendelea, "umeviacha siku tatu, na sitakuficha: ukiendelea hivyo, safari ijayo utaletwa kwa machela. Anza leo hii. Hiki cha nne ni chako kuamua. Hata kama unataka kukiacha, usikikate ghafla, kuna utaratibu wa kukishusha kidogo kidogo, nitakusaidia. Na ukikataa leo nitakuheshimu."

"Ndicho kilichonirudishia rangi?"

"Huenda. Huenda na kutembea. Huenda na kuacha sigara."

Jicho akakohoa. "Sigara sijaacha."

"Basi huenda kidonge kimefanya kazi ya watu wawili."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu siku ile ya pazia. Hakikuwa kicheko kikubwa. Kisha akamweleza daktari habari za kaka yake, ambazo hakuwahi kumweleza hata mkewe zote, kuanzia kidonge mpaka jeneza. Ilichukua muda. Wagonjwa wawili walichungulia mlangoni wakarudi. Alipomaliza, daktari akaandika jina la mshauri na siku ya kumwona, na Jicho akaikunja karatasi akaiweka mfukoni mwenyewe. Akashika kalamu, akaandika jina la nne chini ya ganda la yai. Herufi zote, bila kufupisha.

Nyumbani aliwakuta jikoni, mke na binti, wamekaa bila kufanya lolote, chakula kimepoa. Alikwenda ukutani, akakitoa kile kikaango kwenye msumari wake, akatundika kadi.

"Someni," alisema. "Wote wawili."

Wakasoma. Mke alisoma mpaka jina la nne, akaanza kulia.

"Nimekikubali," alisema Jicho. "Leo. Si miezi miwili iliyopita. Leo. Dawa zangu nitamimina mwenyewe, na hicho kifuniko nirudishie."

"Na kama ningekwambia ukweli siku ile?"

"Ningekataa."

"Unaona!"

"Ilikuwa yangu kukataa."

"Ungekufa!"

"Labda."

"Labda," mke akarudia, akajifuta macho kwa ule utepe wa kupimia. "Mimi labda siwezi kuishi nayo, baba watoto. Ningefanya tena. Unisamehe au usinisamehe, ningefanya tena."

Jicho akamtazama. Angalau hilo halikuwa limechanganywa na kitu. Akatoka uani, akarudi na kopo la gundi, akaliweka mezani mbele yake na kulifungua kifuniko. Zilikuwemo sigara saba na majani ya mnanaa yaliyonyauka.

"Huu ndio uongo wangu," alisema. "Kautupe."

Kisha akameza vidonge vinne, kimoja kimoja, akikisoma kila kimoja ukutani kwanza. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo.

Kesho yake asubuhi pazia lilikuwa wazi. Jicho alikuwa amekaa kwenye kile kiti akifunga kamba za viatu, kazi iliyomchukua muda kwa sababu ya kuinama. Binti alisimama mlangoni na sare yake, miguu mitupu, hajui aingie au asiingie.

"Baba," alisema. "Umenisamehe?"

Jicho akamaliza fundo la kiatu cha kushoto, akaanza la kulia.

"Bado," alisema. "Vaa viatu."